Gumzo la ukoo: mtoto wa karani wa posta

Zuhura: Shikamoo Ba'mkubwa, shikamoo Shangazi. Nimepewa kazi ya chuo kuhusu kiongozi wa Karibiani, nami nimemchagua Eric Williams wa Trinidad. Kwa kuwa alisoma Oxford, nadhani kwao walikuwa matajiri. Je, ndivyo?

Ba'mkubwa: Marahaba, mwanangu. Sivyo hata kidogo. Alizaliwa Port of Spain tarehe 25 Septemba 1911, kifungua mimba katika nyumba ya watoto 12, na baba yake alikuwa karani wa posta. Katika koloni lile, mtoto wa mtumishi mdogo alikuwa na mlango mmoja tu wa kufika chuo kikuu cha Uingereza, nao ni ufadhili wa serikali waliopewa wachache mno kila mwaka. Williams aliujaribu, akaukosa, akarudia, hadi akaupata mwaka 1931.

Shangazi: Na sikio usilisahau. Akiwa mwanafunzi wa Queen's Royal College aliumia katika mpira wa miguu, na usikivu wake haukupona tena. Ndiyo maana picha zake za ukubwani zinamwonyesha na miwani myeusi na kifaa cha kusikilizia, ambacho husimuliwa kwamba alikizima pale maneno ya watu yalipomchosha.

Idi: Kifaa hicho kingenifaa katika vikao vya ukoo huu.

Shangazi: Idi, shika adabu.

Ba'mkubwa: Baba yake alitamani awe daktari wa tiba. Yeye akachagua historia, akapata daraja la kwanza mwaka 1935 na shahada ya uzamivu mwaka 1938, na baadaye watu wake wakamwita "Daktari" vilevile, kwa hiyo sijui mzee yule alishindwa au alishinda. Alifundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na mwaka 1944 kitabu chake *Capitalism and Slavery* kikadai kwamba faida ya utumwa ililisha viwanda vya Uingereza, na kwamba utumwa ulikomeshwa kwa hesabu za uchumi zaidi kuliko kwa huruma.

Zuhura: Sasa msomi wa namna hiyo aliingiaje katika siasa?

Ba'mkubwa: Alikosa kazi. Kamisheni ya Karibiani, chombo cha dola zilizokuwa na makoloni huko, haikumwongezea mkataba mwaka 1955. Usiku wa tarehe 21 Juni alikwenda Woodford Square, uwanja wa kwao Port of Spain ulio mkabala na Red House, jengo la Baraza la Kutunga Sheria, akaueleza umati mgogoro wote kati yake na waajiri wake, kisha akatangaza kwamba hatakwenda kutafuta riziki ng'ambo bali atabaki pale pale pamoja nao. Mihadhara ikaendelea, na uwanja wenyewe ukaitwa Chuo Kikuu cha Woodford Square.

Shangazi: Hapo kaka unampa sifa zote peke yake. Umati haujipangi wenyewe. Nyuma yake walikuwapo walimu wenye jumuiya zao, na kabla ya usiku ule alikwisha kuzoeleka kwa mihadhara yake katika maktaba ya umma. Chama chao, People's National Movement, kilizinduliwa Januari 1956, na Septemba mwaka huo huo kikapata viti 13 kati ya 24 vya kuchaguliwa.

Ba'mkubwa: Nakubali. Tena viti hivyo havikutosha, kwa sababu Barazani walikuwamo pia maofisa wa serikali na wajumbe watano wa kuteuliwa. Ilibidi Waingereza wakubali kwamba wawili kati ya hao watano wawe chaguo la Williams, ndipo akawa Waziri Kiongozi mwenye wingi wa kutawala. Uhuru ulipopatikana tarehe 31 Agosti 1962 alikuwa Waziri Mkuu, akabaki hivyo hadi alipofariki mwaka 1981.

Zuhura: Basi nitaanzia uwanjani, usiku ule wa Juni, kisha nirudi nyuma.

Shangazi: Anzia posta, mwanangu.