Uzi wa wasaka shaini: mashine yako inajuaje kusimama? Tupeane uzoefu

Wakuu, mnaosaka shaini (wale wanyama adimu wenye rangi tofauti) kwenye michezo ya Pokémon huku mmelala, njooni hapa. Kubonyeza si kazi, skripti fupi tu, yaani programu ndogo, inabonyeza hadi kunakucha: mnyama wa kawaida akija, inariseti, mchezo unaanza upya na unajaribu tena. Kinachonisumbua hapa Kampala ni kuifanya isimame kwa wakati. Shaini akitokea mashine ikariseti, ndiyo basi, huyo harudi. Na hawa si wa kuokota: michezo ya zamani ni 1 kati ya 8192, tangu X na Y za 2013 ni 1 kati ya 4096. Leteni stori, nadharia tunazo.

Wa Jinja: Mimi niko kwenye emuleta, mGBA, programu ya kuchezea michezo ya zamani kwenye kompyuta, nacheza Pokémon Emerald. Skripti yangu, nimeiandika kwa lugha ya Lua, haiangalii picha hata kidogo. Inasoma kumbukumbu ya mchezo: namba ya mnyama, namba ya mchezaji inayoonekana na ile ya siri. Inazichanganya, jibu likiwa chini ya 8 ni shaini, laptopu inapiga kelele. Ila Emerald ina jini lake. Kila ukiriseti, namba zake za bahati nasibu zinaanzia sifuri ileile. Skripti nayo ina nidhamu kupita askari, inabonyeza fremu ileile (picha ileile ya skrini, yaani sekunde ileile kabisa) kila raundi, kwa hiyo Rayquaza, mnyama niliyekuwa namsaka, alikuwa yuleyule, tabia ileile, nguvu zilezile, asubuhi mpaka jioni! Nikaiambia kila raundi isubiri fremu moja zaidi ya iliyopita. Hapo ndipo wakaanza kuja tofauti.

Wa Kampala: Hahaha! Kumbe ndiyo maana kuna watu wanalia Emerald ina laana.

Wa Arua: Emuleta ni rahisi, ssebo. Mimi nina DS yenyewe, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, nacheza Pokémon HeartGold. Mota ndogo zinabonyeza L, R, Start na Select kwa pamoja, mchezo unaanza upya. Kwenye skrini ya chini nimebandika sensa ya mwanga. Shaini akitokea, zile nyota humzunguka kwanza, kwa hiyo menyu ya vita inachelewa kidogo. Arduino, kibodi kidogo cha kompyuta kinachoongoza mota, inapima muda huo, ukizidi kawaida mota zinaacha. Umeme ukikatika sina habari, vyote viko kwenye betri ya sola. Shida ni ndugu zangu: mtu akiwasha taa ya chumba, sensa inaona menyu imefika. Siku hizi DS inalala ndani ya boksi la viatu.

Wa Mbarara: Samahani wakuu, raha iko wapi? Mnyama akija umelala, umemsaka wewe au kamsaka Arduino?

Wa Arua: Kaka, mimi nina watoto na duka. Njoo uriseti kwa niaba yangu.

Wa Busia: Mimi nimelikwepa kabisa hilo swali la kusimama. Nacheza Pokémon Sword kwenye Nintendo Switch, mayai tu. Arduino Leonardo inajifanya pedi ya kuchezea, inachukua mayai, inazunguka na baiskeli mpaka yaanguliwe, inajaza masanduku ya 30. Hakuna wa kuriseti, hakuna wa kupotea. Asubuhi nakagua sanduku kwa sanduku, shaini ana alama yake. Wazazi wawe wametoka kwenye michezo ya lugha mbili tofauti, ile njia ya Masuda: nafasi inakuwa karibu 1 kati ya 683, na ukiwa na Shiny Charm, kifaa cha ndani ya mchezo cha kuongeza bahati, 1 kati ya 512.

Wa Tororo: Swali la mgeni: nikiriseti mara 8192 bila kitu, mashine imeharibika?

Wa Jinja: Hapana. Wakifika hapo watu 100, kama 37 hivi bado watakuwa mikono mitupu. Mchezo haukumbuki umeteseka kiasi gani. Ila wewe ipe mashine mtihani kwanza: ipeleke kwa Gyarados mwekundu wa Lake of Rage kwenye HeartGold, yule ni shaini kila mara. Mashine ikimpita huyo bila kusimama, ndiyo uifungue.

Wa Arua: Hata mimi ndiye niliyempimia sensa. Ongeza kipimo cha muda kidogo kidogo, usikimbilie.