Besimenti (ghorofa ya chini ya ardhi): tuanzie wapi kama tutauza nyumba baadaye?

Mama Neema, Minneapolis, Marekani: Habari zenu ndugu. Nataka kutengeneza besimenti: chumba cha kulala, bafu, sebule ndogo. Tunafikiria kuuza miaka ijayo. Ukuta wa kaskazini rangi inabanduka na kuacha unga mweupe. Baba Neema anasema tufunike kwa jipsamu tu. Nishaurini.

Fundi Juma: Dada, msifunike! Unga huo ni chumvi inayoachwa na maji yanayopenya ukutani. Anzeni nje: zibueni mifereji ya paa, maji yamwagike mbali na msingi, udongo uteremke kutoka nyumbani. Pimeni pia radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini. Ikifika pikokyuri 4 kwa lita, wekeni bomba na feni ya kuitoa kabla ya kutandika sakafu.

Bi Zuhura: Mimi ni dalali wa nyumba huku. Chumba kisicho na dirisha la kutokea moto ukiwaka sikitangazi kuwa cha kulala. Uwazi wa dirisha uwe angalau futi za mraba 5.7, kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Chukueni kibali cha mji, mnunuzi atakiulizia. Marumaru za bei achaneni nazo. Kwenye bei ya nyumba, eneo la chini ya ardhi huhesabiwa kando na la juu.

Mama Neema: Asanteni sana. Bomba la maji taka liko karibu na ngazi, bafu litakaa hapo. Jipsamu isubiri mvua zipite.