Programu ya notsi inaniletea "hajalipa" bila kuniambia NANI hajalipa, huu ni utafutaji gani jamani?

Wakuu naandika nikiwa na hasira, mnivumilie kama nitarukaruka.

Mimi ni fundi umeme. Kazi zangu zote tangu 2018 ziko kwenye faili moja la maandishi matupu, halina rangi wala picha, ni vichwa tu na vichwa vidogo chini yake, unakunja na kukunjua. Nilichagua hivyo makusudi, faili la namna hiyo hata programu ikifa kesho utalifungua kwenye kompyuta yoyote. Naanza na eneo, chini yake nyumba, chini ya nyumba chumba, halafu ndani ya chumba ndio naandika nilichofunga na hela imekaaje. Kipande hiki hapa nimekikopi kilivyo:

* Kimara
** Nyumba ya mzee wa bucha
*** Jikoni
breka 32, waya 6, soketi ya jiko
hajalipa 180,000

Mstari wa mwisho hauna jina, na hauhitaji, maana jina liko juu yake! Ndio faida yenyewe ya kuandika kwa ngazi, sirudii "mzee wa bucha" kila mstari.

Sasa Jumamosi niko darini kwa mtu Goba, simu inaita, mteja wa zamani ananiambia fundi mimi si nilishakumalizia hela yako. Nikamwambia subiri niangalie. Nikafungua programu ya notsi kwenye simu nikaandika hajalipa, ikaniletea mistari 23. Hajalipa 180,000. Hajalipa 60,000. Hajalipa, anasema mwisho wa mwezi. Basi, ndio hivyo hivyo mpaka chini, hakuna nyumba, hakuna eneo, hakuna chochote cha juu. Ukigusa mmoja inakupeleka kwenye mstari lakini vichwa vya juu huvioni mpaka uskroli mwenyewe, ukirudi nyuma orodha imeshafutika unaanza kuandika upya, na mimi mkono mmoja nimeshika boriti, jasho linaingia machoni, mtu yuko hewani ananiuliza "eeh fundi umeona?" Nikachoka nikamwambia sawa boss, yaishe. Usiku nimetulia nyumbani naikuta, ni 180,000 na hajatoa hata mia. Nimempigia ananijibu si ulikubali mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi, zamani ilikuwa inaonyesha! Kabla ya apdeti ya mwisho kila jibu lilikuja na njia yake, Kimara, nyumba fulani, jikoni. Wameitoa ili ukurasa uonekane safi. Usafi wa nini kama sielewi ninachokisoma?

Halafu kuna hili la lugha, na hapa naomba mnielewe vizuri. Programu inatafuta kwa mwanzo wa neno tu. Kwa Kiingereza inafanya kazi, mtu akiandika pay anapata paying, payment, zote. Kiswahili chetu kinabadilika mbele! Amelipa, hajalipa, nimelipa, atalipa, wamelipa, mzizi uko nyuma huko. Nikiandika lipa inaniambia hakuna kitu, kwenye faili ambalo nusu yake ni habari za kulipana. Vitabu ukitafuta kitabu hupati, nyaya ukitafuta waya hupati. Sasa mimi nitakumbuka vipi kama mwaka 2021 niliandika "hajalipa" au "hawajalipa" au "atalipa Ijumaa"?

Na usiniambie tumia lebo, nimetumia. Niliweka lebo ya deni kwenye kichwa cha nyumba nikijua kila kilicho chini yake kinahesabika humo, kumbe haishuki, inachuja kile kichwa peke yake na vyumba vyote vinapotea. Kuondoa ndio kabisa, huwezi kuiambia nipe zenye deni ila toa zilizolipwa. Niliwaandikia, wakanijibu niweke lebo kwenye kila mstari. Kila mstari! Faili lina mistari zaidi ya elfu kumi na nne.

Na msiniambie haiwezekani. Kwenye laptop nina Emacs, programu ya kuandikia, na ndani yake Org-mode ya kupangia vichwa, kitu alichokianzisha Carsten Dominik mwaka 2003, cha bure kabisa. Unabonyeza C-c (yaani Ctrl na c pamoja), kisha / halafu r, unaandika neno, faili lote linajikunja linabakiza mistari yenye hilo neno PAMOJA na vichwa vyake vya juu. Lebo zinashuka kwa watoto bila kuambiwa. Ukibonyeza C-c \ ukaandika deni-limelipwa inakupa zenye deni na kuondoa zilizolipwa. Hata grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili ambayo ipo tangu miaka ya 70, inanisaidia kuliko hii:

grep -n 'lipa\b' kazi.org

Hiyo \b mwishoni ni muhimu, inasema neno liishie hapo, bila hiyo unaletewa na "alipata" na "alipanda", maana lipa imejificha humo katikati. Na ukitafuta waya wa 2.5 andika '2\.5', nukta peke yake inakamata herufi yoyote. Ila grep nayo haijui vichwa, ukiweka -B 5 inakupa mistari mitano ya juu wakati jina la nyumba liko mistari arobaini huko, ndio maana nasema Org.

Shida yangu sipandi darini na laptop. Nikiwa kazini nina simu tu, na kwenye simu ndio maswali yanakuja, breka uliniwekea ya ngapi, ethi ulichimbia wapi, hela nilikupa lini.

Kwa hiyo kama kuna mdau anatumia programu ya simu inayosoma faili la maandishi matupu, ikitafuta inaonyesha na vichwa vya juu, na inakamata neno hata katikati, aitaje hapa. Ya kulipia pia sawa, nitalipa. Nimeshapoteza 180,000 tayari.