Nina siku moja na nusu Praia, Cabo Verde: niende Cidade Velha au nikaone volkano?

BintiTongoni

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Ofisi inanipeleka Praia, mji mkuu wa Cabo Verde, kwa mafunzo ya wiki moja mwezi wa 11. Viza na tiketi wanashughulikia wao, hapo sina neno. Mafunzo yanakwisha Ijumaa mchana na ndege ya kurudi ni Jumapili alfajiri, kwa hiyo alasiri ya Ijumaa na Jumamosi nzima ni zangu.

Sasa kila mtu ana lake. Bosi anasema nipande ndege niende kisiwa cha Sal nikaogelee. Mwenzangu mmoja anasema aliyefika Cabo Verde bila kuiona volkano ya Fogo hakufika. Mimi moyo wangu uko Cidade Velha, ule mji wa bandari wa Wareno ulio jirani na Praia. Nimekulia Tongoni, Tanga, na utoto wangu wote nimecheza kando ya magofu ya msikiti na makaburi yale yenye nguzo, kwa hiyo vitu vya kale vinanivuta. Ila nimesoma mahali kwamba siku hizi ni kijiji tu, nikaingiwa na wasiwasi.

Panafaa? Mwanamke peke yake anaweza kwenda? Usafiri ukoje? Na chakula, mimi ni Mwislamu.

KichwaMaji

Dada nenda Sal. Magofu unayo kwenu bure, ya nini kuvuka Afrika nzima kwenda kutazama ukuta uliobomoka?

MzeeWaGati

KichwaMaji umeanza.

Binti, mimi nilikuwa baharia, visiwa vile nimevipitia kwa meli. Fogo safari hii achana nayo. Si kwamba si pazuri. Ule mlima una mita 2,829, na ulipolipuka kuanzia Novemba 2014 hadi Februari 2015 zaha ilifunika vijiji viwili, Portela na Bangaeira, na wenyewe wakarudi kujenga juu ya mawe yaleyale yakiwa bado ya moto chini. Ukiwa na wiki, nenda. Lakini ndege za kati ya visiwa huahirishwa au hufutwa bila kumwomba mtu radhi, na boti ya kwenda Fogo itakutapisha mpaka nyongo. Mwenye ndege ya kimataifa Jumapili alfajiri hachezi mchezo huo. Sal ni hivyohivyo, na ukifika ni mahoteli ya watalii.

Baki Santiago, kisiwa hichohicho cha Praia. Nacho ni kisiwa cha volkano, ila yake ilikwishalala zamani sana. Na anga likiwa safi, ukiwa juu ya ngome ya Cidade Velha unaiona Fogo upande wa magharibi imesimama baharini. Utamwambia mwenzako umeiona.

BintiTongoni

Marahaba yako siidai mzee, nakushukuru. Fogo nimeshaifuta.

MsomiWaLisboa

Nasoma Ureno, na darasani nina wenzangu wa Cabo Verde walionipeleka kwao, kwa hiyo hili nalijua kidogo.

Cidade Velha iko kilomita kama 15 magharibi ya Praia. Hiace (ndizo Hiace hizihizi tunazozijua) huondokea mtaa wa Terra Branca, zikijaa ndipo zinaondoka. Nauli ni ndogo, lipa kwa escudo. Escudo 110 ni euro moja, kiwango hakibadiliki, na mashine za kutolea pesa zimejaa Praia. Ukitaka raha chukua teksi, lakini mpatane bei ya kwenda na kurudi kabla hujakaa kwenye kiti.

Jambo moja kubwa: usishukie chini mjini. Mwambie dereva akushushe njiapanda ya ngome, kabla barabara haijaanza kuteremka. Ngome inaitwa Fortaleza Real de São Filipe, iko juu ya mwamba, mita 120 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukianzia pale unaliona bonde lote kwa mara moja: pande mbili milima mikavu ya mawe meusi na kahawia, katikati kamba ya kijani ya minazi, miembe, migomba na miwa inayofuata kijito, mwisho wake ghuba ndogo. Hapo ndipo utaelewa kwa nini walichagua mahali hapa. Visiwa vile ni vikavu, na maji ya kunywa yalikuwa pale. Halafu unateremka kwa miguu, unapita magofu ya kanisa kuu, mpaka uwanjani. Ukianzia chini utalazimika kupanda na jua la saa sita.

Mwezi wa 11 ni mzuri. Mvua zao ni za Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo utakuta milima bado ina majani. Ukienda Januari ni vumbi la Sahara, huoni Fogo wala huoni chochote.

Usalama: mchana Cidade Velha hakuna shida, wanawake wanatembea peke yao. Praia ndiyo ya kuangalia. Giza likiingia chukua teksi hata kama ni mwendo mfupi, na simu isikae mkononi.

KichwaMaji

Kwa hiyo ni ngome, kanisa lililovunjika, basi. Masaa matatu umemaliza. Nani mwongo?

MsomiWaLisboa

Mkuu, majengo yenyewe ukikimbia kweli utayamaliza kwa masaa matatu. Sibishi.

MwalimuMvita

Assalaam aleikum. Mimi hufundisha historia hapa Mombasa, na huu uzi umenigusa pahala.

KichwaMaji, ukuta uliobomoka hauzungumzi na mtu asiyeuliza. Kisiwa cha Santiago hakikuwa na watu. Kilwa Wareno waliukuta mji, wakaupora mwaka 1505. Mombasa vivyo hivyo. Santiago hawakumkuta mtu. Mwaka 1462 wakaanzisha mji wakauita Ribeira Grande, ndiyo Cidade Velha ya leo, nao ndio mji wa kwanza wa kikoloni wa Wazungu katika nchi za joto. Mwaka 1466 mfalme wao akawapa walowezi ruhusa ya kufanya biashara pwani ya Guinea, na biashara yenyewe ilikuwa watu. Waliletwa kutoka bara, wakabatizwa, wakafundishwa maneno ya kutosha kuelewa amri, kwa sababu mtumwa aliyebatizwa na anayeelewa lugha alikuwa na bei zaidi. Kisha wakapakiwa tena, Hispania, visiwa vya Karibi, Cartagena, Brazili. Wengine waliachwa papo hapo kulima na kufuma nguo za pamba, na nguo hizo zikarudishwa pwani ya Guinea kununulia watu wengine. Mji ule uliishi hasa kwa biashara hiyo. Mengi yaliyoonekana baadaye katika mashamba ya miwa ya Amerika yalikwishajaribiwa katika lile bonde dogo.

Ndio maana nakwambia bibiye, ukifika uwanjani karibu na bahari, kuna nguzo ya marumaru ya karne ya 16, imechongwa vizuri sana. Watu huegemea kupiga picha. Hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa mbele ya watu. Sikukatazi kupiga picha.

Na ngome: alipokuja Mwingereza Francis Drake mwaka 1585 akaupora mji na kuutia moto, mfalme Filipe akaamrisha ijengwe, ikakamilika 1593. Mwaka huohuo 1593, kwa amri ya mfalme yuleyule, ndio Fort Jesus yetu hapa Mvita ilipoanza kujengwa. Ukitembea pale juu angalia pembe zake zinavyotoka nje kama mishale, ili mzinga wa huku ulinde ukuta wa kule. Mtu wa Mombasa akifika hapotei. Ila yao haikusaidia sana: Mfaransa Jacques Cassard alikuja 1712, akauteka mji na kuukomba. Baadaye makao makuu yakahamishiwa Praia, 1770, na wenye pesa wakahama nayo.

Sasa wewe wa Tongoni. Vasco da Gama alitia nanga Santiago mwisho wa Julai 1497, wakachukua maji, nyama na kuni. Mojawapo ya merikebu zake ilikuwa São Rafael. Aprili 1498 merikebu hiyo ilikwama kwenye mafungu ya bahari mbele ya kwenu, na waliporudi kutoka Uhindi Januari 1499, mabaharia wameisha kwa maradhi na hawatoshi kuendesha merikebu zote, wakaichoma hapohapo. Kwa hiyo njia unayokwenda si ngeni kwenu.

BintiTongoni

Mwalimu umenisimamisha nywele. Wazee wa kwetu wanajua kuna meli ya Wareno iliishia pale, lakini hakuna aliyeniambia ilianzia wapi.

Basi Cidade Velha naenda, hapo pamefungwa. Swali ni Ijumaa alasiri au Jumamosi? Na kuhusu chakula hamjanijibu.

MwalimuMvita

Ijumaa alasiri, ili Jumamosi uende Tarrafal, kaskazini ya kisiwa. Kuna kambi ya mateso iliyofunguliwa na Wareno mwaka 1936, ikafungwa 1954, ikafunguliwa tena 1961 kwa ajili ya wapigania uhuru wa Angola, Guinea na Cabo Verde yenyewe. Leo ni makumbusho. Mtanzania hafai kuikosa. Kina Amílcar Cabral na PAIGC, chama chao cha kupigania uhuru wa Guinea na Cabo Verde, walisaidiwa na Kamati ya Ukombozi iliyokuwa Dar es Salaam kwenu.

MsomiWaLisboa

Mwalimu kwa heshima, hapo nakupinga. Mafunzo yakiisha saa nane, akala, akabadili nguo, akafika ngomeni saa kumi, jua linazama saa kumi na mbili. Atakimbia tu kama KichwaMaji. Na Tarrafal ni kilomita 70 za milima kwenda, 70 kurudi, kisha aamke usiku kuwahi ndege. Dada, Ijumaa tembea Platô, ule mtaa wa zamani wa Praia, na soko la Sucupira. Jumamosi yote mpe Cidade Velha.

Yote kwa sababu majengo ni nusu tu ya habari. Watu wanaishi mle. Kanisa la Nossa Senhora do Rosário ni la mwaka 1495 na mpaka leo watu wanasali humo; sakafuni kuna mawe ya makaburi yenye maandishi, unakanyaga majina ya wafanyabiashara. Rua Banana, mtaa ulioorodheshwa na UNESCO pamoja na mji wote mwaka 2009, ni nyumba fupi za mawe zilizoezekwa makuti, na mlangoni bibi anachambua maharage na redio inaimba funaná, muziki wao. Kwa hiyo salimia kwanza, "modi bu sta?", ndipo utoe simu. Wamechoka na watu wanaopiga picha milango yao kama hakuna mtu ndani. Panda bondeni mpaka kwenye konventi (nyumba ya watawa) ya São Francisco, chini ya miembe ni baridi, na huko kuna miwa wanayotengenezea grogue, gongo lao. Saa tisa rudi ufukweni wavuvi wamekwishapandisha mitumbwi. Ufukwe wenyewe ni mawe meusi na mawimbi, si pa kuogelea.

Chakula: cha taifa ni cachupa, makande yao, mahindi na maharage yamechemshwa muda mrefu na muhogo na viazi. Tatizo kwako ni kwamba mara nyingi wanatia nguruwe, mafuta yake au soseji, hata usipoona nyama. Ipo ya samaki. Uliza, na useme "sem porco", bila nguruwe, kabla hawajapakua. Usalama zaidi ni samaki wa kuchoma, jodari au kolekole, na wali. Migahawa iko kando ya bahari.

KichwaMaji

Sawa nimeshindwa. Ila gongo la miwa ungelitaja mwanzo, nisingebishana na mtu.

MzeeWaGati

Viatu vya kufunga, binti. Mawe ya volkano yanakata ndala. Na maji yabebe kutoka Praia, kule juu ngomeni kuna birika la kale la kuvunia mvua lakini si la kunywa wewe.

Kurudi usingoje magharibi. Jumamosi wenyeji wa Praia hushuka kula samaki, jioni Hiace zinarudi zimejaa na wewe utasimama barabarani. Saa kumi na nusu uwe unaondoka.

BintiTongoni

Nimeandika yote. Jumamosi asubuhi, ngome kwanza, viatu vya kufunga, sem porco. Mwalimu, Tarrafal nitaidai ofisi safari nyingine. Asanteni sana.

NesiWaZamu

Nimechelewa kuuona uzi. Dada, beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Cabo Verde huidai kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, na safari yako lazima ipitie nchi nyingine. Pia waulize ofisini kama wamelipia ile tozo ya usalama wa uwanja wa ndege, escudo 3,400, karibu euro 31. Hulipwa mtandaoni kabla ya safari wakati wa kujiandikisha, tofauti na viza. Usipoilipa mapema utaipangia foleni usiku Praia na mzigo wako.