Nyayo ya kaboni ya kaya yangu hapa Dodoma: mkaa unahesabiwaje?

Mkazi wa Kisasa aliuliza:

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni mtumishi ninayeishi Kisasa na kufanya kazi Mtumba, na nyumbani tuko watu sita. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuja na zoezi la jiografia linalomtaka akadirie nyayo ya kaboni ya kaya yetu, yaani jumla ya hewa ukaa na gesi nyingine zinazoongeza joto la dunia ambazo shughuli zetu huzalisha kwa mwaka mmoja. Tulifungua kikokotoo kimoja cha mtandaoni (watumishi wenzangu wasishtuke, sizungumzii kile cha mafao ya kustaafu), kikatuuliza tunatumia mafuta kiasi gani kupasha nyumba joto wakati wa baridi, tunapanda ndege mara ngapi, na kama tuna mashine ya kukaushia nguo. Kuhusu mkaa hakikuuliza neno. Mwishowe kilitupa nusu tani kwa kila mtu na kutupongeza, jambo lililomfurahisha binti na kunitia mimi mashaka, kwa sababu dari ya jiko letu imekuwa nyeusi kwa masizi na sioni hayo masizi yameingia wapi kwenye hesabu.

Takwimu zetu ni hizi. Gunia la mkaa nililipeleka kwenye mizani ya jirani anayeuza nafaka, likawa kilo 45, na linatutosha mwezi mmoja. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ambao ni wa chai ya asubuhi tu, tunaujaza kila baada ya miezi miwili. Umeme ni uniti 60 kwa mwezi. Gari dogo linakunywa lita 80 za petroli kwa mwezi, na mara mbili kwa mwaka tunalipeleka Dar es Salaam na kurudi, kila safari lita 90 hivi. Nyama ya ng'ombe tunanunua kilo moja na nusu kwa wiki. Nina pia ng'ombe wanane walioko kwa baba, Bahi.

Mwenzangu wa ofisini anashikilia kwamba gesi ni chafu kuliko mkaa, kwa kuwa gesi inatoka kwenye visima vya mafuta ilhali mkaa unatokana na miti ambayo itaota tena. Je, ni kweli? Na hao ng'ombe wa Bahi niwaandike kwangu au kwa baba?

Mhifadhi wa Chemba alijibu:

Ndugu Mkazi wa Kisasa, hoja ya mwenzako ina msingi, na ndiyo maana inapotosha watu wengi. Naomba unisamehe nikienda polepole.

Mkaa mzuri una kaboni kwa takriban robo tatu ya uzito wake. Kila kilo moja ya kaboni ikiungua kabisa hutoa kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu inajiunga na oksijeni ya hewani na uzito wake unaongezeka. Gunia moja kwa mwezi ni kilo 540 kwa mwaka, kwa hiyo kutoka jikoni kwako pekee inapaa tani moja na nusu hivi. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu sehemu kubwa ya moshi wa mkaa wako haikuwahi kufika Kisasa. Ilibaki huku kwetu, kwenye tanuri.

Tanuri la udongo, lile la kulaza magogo, kuyafunika kwa majani na kufukia, hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni kavu ili kutoa kilo moja ya mkaa. Tuseme mchomaji wako ni hodari na anatumia kilo 6. Mkaa wako wa mwaka umekula kilo 3,240 za kuni, na kwa kuwa nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, jumla ya hewa ukaa tangu mti ulipoangushwa hadi maharage yalipoiva inakaribia tani 6. Mti wa porini wenye kipenyo cha sentimita 10 hapa Dodoma, ambako mvua ni haba na miti ni mifupi, hutoa kilo 25 hadi 35 za kuni kavu, kwa hiyo unazungumzia miti mia moja hivi kila mwaka kwa nyumba moja.

Sasa ndipo linakuja suala la kuota tena. Ikiwa visiki vimeachwa vichipue, na moto, mifugo na jembe havikuvigusa kwa miaka mingi, ile hewa ukaa hurudi kwenye miti na ungeweza kuandika sifuri au karibu na hapo. Hivyo ndivyo mwenzako anavyohesabu. Lakini ninavyoona mimi, nyuma ya tanuri mara nyingi linafuata shamba la mahindi au alizeti, na hapo hakuna kitakachorudi. Mimi hukadiria nusu irudi na nusu isirudi, na ninasema wazi kwamba hilo ni kadirio langu na si kipimo. Kwa kaya yako inakuwa tani 3.

Kuna jambo la pili ambalo kuota kwa mti hakulifuti. Kuni zikiungua kwa kunyimwa hewa, kama ilivyo ndani ya tanuri, hutoa methani, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia, na kwa kipindi cha miaka 100 kilo moja ya methani huongeza joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa. Tanuri la udongo hutoa makumi ya gramu za methani kwa kila kilo ya mkaa. Tukichukua gramu 40, mkaa wako umezalisha kilo 22 za methani, ambazo ni sawa na kilo 600 za hewa ukaa.

Linganisha na gesi. Kwa kuwa jiko la gesi linapeleka joto kwenye sufuria vizuri zaidi, kilo 150 kwa mwaka, yaani mitungi 10 ya kilo 15, zingetosha kabisa kuchukua nafasi ya mkaa wako wote. Kila kilo ya gesi hutoa kilo 3 za hewa ukaa, jumla kilo 450. Maana yake ni kwamba hata kama kila mti uliokatwa kwa ajili yako ungeota upya, methani ya tanuri peke yake ingeizidi gesi yote. Nakubali kwamba gesi ya mitungi si ile ya Songosongo na Mnazi Bay, bali inaletwa kwa meli kutoka nje na kusafirishwa kwa malori hadi huku, na hilo nalo lina hesabu yake, lakini haligeuzi jibu.

Mzee wa Mpwapwa alijibu:

Mwanangu, ng'ombe wa Bahi ni wa baba yako hadi siku utakapowatoa kwa mahari ya mwanao. Nasema hivyo kwa mzaha, lakini kanuni iko karibu na hapo.

Ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa kilo 30 hadi 45 za methani kwa mwaka, kwa kucheua na wala si kwa matako kama vijana wanavyopenda kusema. Ukizidisha kwa 28 unapata kati ya kilo 840 na 1,260 za hewa ukaa kwa kila ng'ombe mkubwa, kwa hiyo ng'ombe wanane wanaweza kufika tani 7 au zaidi na kuifunika hesabu yako yote. Unaweza kumhesabia mwenye ng'ombe au mla nyama, ila usiwahesabie wote wawili, kwa sababu hapo moshi mmoja utauandika mara mbili. Wewe unanunua nyama buchani, basi andika nyama. Ya ng'ombe wa malisho ina makumi ya kilo za hewa ukaa kwa kila kilo moja. Tumia 30 kwa makadirio, ukijua kwamba kwa ng'ombe aliyekaa miaka saba ndipo auzwe inaweza kuwa juu zaidi.

Na hapo kwenye miaka saba ndipo pa kumsaidia baba yako. Dume anayekonda kila kiangazi na kunenepa kila masika anacheua miaka yote hiyo bila kuongeza nyama ya maana. Akihifadhiwa mabua ya mtama na mahindi badala ya kuachwa ahangaike kwenye mbuga kavu, akauzwa akiwa na miaka mitatu au minne, methani kwa kila kilo ya nyama inapungua sana, na baba anapata fedha mapema. Mimi nimefanya kazi na ng'ombe wa aina ya Mpwapwa tangu ujanani, na sijaona mfugaji aliyejuta kwa kuuza dume kabla ya kiangazi kumla. Waliojuta kwa kuchelewa ninawajua kwa majina.

Jirani wa Nzuguni alijibu:

Shikamoo mzee. Naomba niulize jambo ambalo labda litaonekana la ukaidi. Mtanzania wa kawaida, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anayotumia, anatoa karibu robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka, na Mmarekani anapita tani 14. Hata dhana hii ya mtu mmoja kujipima ilienezwa sana na BP, kampuni ya mafuta, ambayo mwaka 2004 ilitoa kikokotoo chake ili kila mtu ajiangalie yeye. Kwa nini mtoto wa shule wa Dodoma ndiye awekewe mzigo huu?

Mzee wa Mpwapwa alijibu:

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyemwekea mzigo. Yeye ameulizwa swali la hesabu, na mimi nimemjibu baba yake kuhusu ng'ombe. Wamarekani nao wana wazee wao.

Mhifadhi wa Chemba alijibu:

Niongeze kwa ufupi tu. Ndugu wa Nzuguni yuko sahihi kuhusu mafuta na makaa ya mawe, ila hiyo robo tani haina ndani yake ukataji wa miti. Kwetu sisi huko ndiko kwenye uzito, na huko pia ndiko kwenye hasara yetu wenyewe, kwa sababu anayekosa kuni na kuona udongo unakwenda na maji si Mmarekani.

Mama Wawili wa Chang'ombe alijibu:

Kaka, hesabu za mkaa zimeshaelezwa vizuri, nami nitasema ya jikoni. Kabla hujanunua mtungi mkubwa, angalia gunia lako linaishia kwenye chakula gani. Mimi niliandika kwenye daftari kwa wiki tatu, kila mara nilipojaza jiko, na nikagundua kwamba zaidi ya nusu ya mkaa wangu ulikuwa unaivisha vitu vitatu tu: maharage, makande na kongoro. Ugali na mboga havikuwa na shida. Nilinunua sufuria ya presha ya umeme, na sasa maharage niliyoyaloweka usiku yanaiva kwa chini ya uniti moja, wakati zamani yalikula nusu siku na karai zima la mkaa. Umeme ukikatika katikati, sufuria inashikilia joto na maharage yanaendelea kuiva kidogo, ingawa makande hayakusamehe siku moja nilipokuwa na wageni.

Ule umeme wenyewe, kwa hesabu ya kaka yetu, ni uniti 720 kwa mwaka. Hata tukijifanya zote zinatoka kwenye mitambo ya gesi asilia na kuweka nusu kilo ya hewa ukaa kwa kila uniti, ni kilo 360, na ukweli lazima uwe chini ya hapo kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wa gridi sasa inatokana na maji, Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 likiwamo. Kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika na taa.

Gari ndilo ningelitazama. Lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa, na wewe unachoma lita 1,140 kwa mwaka, zaidi ya tani mbili na nusu. Kuhusu safari ya Dar, tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika hapa Dodoma, na hata basi la dizeli lililojaa watu 50 linamgharimu kila abiria kilo 7 au 8 tu kwenda, ilhali gari lako linatoa zaidi ya kilo 100 kwa njia hiyo hiyo.

Mkazi wa Kisasa alijibu:

Ninawashukuru nyote, na mzee wangu wa Mpwapwa, shikamoo. Tulikaa na binti jana jioni tukaanza upya kwa daftari. Mkaa, kwa kadirio la nusu la ndugu Mhifadhi pamoja na methani, tani 3.6. Petroli, tani 2.6. Nyama, tani 2.3. Umeme usiozidi tani 0.36, na gesi kilo 108 ambazo hazistahili hata kujadiliwa. Jumla ni tani 9 kasoro kidogo, yaani tani moja na nusu kwa kila mtu, mara tatu ya ile nusu tani tuliyopongezwa nayo. Ng'ombe wa Bahi binti amewaandika chini ya jedwali kwa kalamu ya risasi, akaweka alama ya kuuliza.

Daftari la Mama Wawili tumelianza, na mke wangu anasema tayari anajua litasema nini, kwa kuwa sisi ni watu wa makande. Sufuria ya presha tutainunua mwisho wa mwezi, na mtungi wa kilo 15 baada ya hapo. Kwenda Mtumba tumekubaliana majirani watatu tupokezane magari, na kama wote tutaamka kwa wakati (mmoja wetu namfahamu) petroli yangu ya kazini itabaki theluthi. Dar tutakwenda kwa treni mwezi Desemba.

Gunia la mwezi huu nimelipeleka tena kwenye mizani ya jirani. Ni kilo 41. Muuzaji ni yule yule, na bei ni ile ile.