Skraibu wa daktari au nibaki na CNA?

BintiTanga: Wakuu habarini. Niko Minnesota, nimemaliza digrii ya baiolojia, saa hizi ni CNA (msaidizi wa nesi) nyumba ya wazee, shifti za usiku. Mwakani nataka kuomba shule ila bado nayumba kati ya udaktari na PA (yule anayetibu akishirikiana na daktari). Nimepata kazi ya skraibu imajensi, yani daktari anaongea na mgonjwa we unaandika faili lote kwenye kompyuta, mshahara mdogo kuliko wa CNA na nyumbani wananitegemea. Itanisaidia kweli?

mzee_wa_shifti: Amua shule kwanza dada. Fomu ya PA, CASPA, inatenganisha masaa ya kumhudumia mgonjwa kwa mikono yako na masaa ya kuwepo tu kwenye mazingira ya tiba. CNA inaingia kundi la kwanza bila ubishi, skraibu kuna shule zinaiweka la kwanza, zingine la pili. Soma tovuti ya kila shule kabla hujaaga kazi.

Mombasa2Med: Kama ni udaktari mi naitetea sana, niliifanya kabla sijaingia. Mgonjwa anasema kifua kinauma, unasikia daktari anauliza maumivu yanaenda mkononi au mgongoni, anaagiza ECG ya moyo na kipimo cha damu cha troponini, halafu anakwambia andika kwa nini hadhani ni damu iliyoganda kwenye mapafu, ukikaa miezi kadhaa unaanza kujua swali linalofuata kabla hajauliza, na hiyo darasani huipati. Kwenye AMCAS, fomu ya kuomba shule za udaktari, mwisho ni shughuli 15, tatu ndo unaruhusiwa kuzieleza kwa urefu, usijaze kwamba ulikuwa unachapa noti, eleza mgonjwa aliyekufanya ufikiri upya, bila chochote cha kumtambulisha.

BintiTanga: Asante sana. Na hizi AI zinazosikiliza maongezi na kuandika zenyewe? Naogopa niache kazi halafu wafunge.

nesi_dallas: Una haki ya kuogopa mdogo wangu, zimeshaingia hospitali nyingi. Kwenye intavyuu waulize kama wanazo na skraibu kabaki na kazi gani. Uliza pia kipindi cha mafunzo wanalipaje, kuna kampuni zinalipa pungufu. Na kama uko kwenye F-1, viza ya mwanafunzi, usiguse kazi ya nje ya chuo bila kibali, tafadhali. Mi ningeshika CNA wikendi, skraibu siku mbili katikati ya wiki, na usiku ulale, MCAT, mtihani wa kuingia udaktari, huisomi ukiwa unasinzia.

BintiTanga: Grinikadi ninayo dada. Jumatatu nawapigia niulize hilo la mafunzo.