Tupeane uzoefu: Kujibu maswali ya usaili ukiwa na ADHD (hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kukaza umakini)

Mleta mada
Jana nilimsindikiza mdogo wangu kwenye usaili, na nilipomwona akitoka huku amejishika kichwa, nikaukumbuka usaili wangu. Niliulizwa swali moja lenye vipande vitatu: nieleze mgogoro niliowahi kuusuluhisha kazini, njia niliyotumia, na jambo ambalo ningelibadilisha leo. Kipande cha tatu kilipotamkwa, cha kwanza kilikuwa kimeshanitoka. Badala ya kuomba warudie, nikaanza kusimulia: mgogoro wenyewe, kisha historia ya mteja aliyehusika, kisha mashine ya kuchapisha iliyokuwa ikikwama kila siku, hadi nilipoona msaili mmoja ameweka kalamu mezani. Hapo nikauliza, "Samahani, swali lilikuwa lipi?" Mwenyekiti wa jopo alinijibu kwa upole kwamba muda umekwisha. Enyi wenzangu, mnajibuje bila kupotea njia?

Msahaulifu
Wewe mashine ya kuchapisha, mimi kiyoyozi. Nakuelewa kabisa.

Daftari Mkononi
Ingia na daftari, omba ruhusa ya kuandika, na uandike neno moja kwa kila kipande cha swali, kwa sababu kumbukumbu ya kushikilia mambo kadhaa kwa wakati mmoja ndiyo inayotuangusha wengi wetu. Kisha jibu kwa mpangilio: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, na matokeo yakawa nini. Mimi huhesabu kwa vidole chini ya meza. Nikishakunja cha nne hunyamaza, hata kama bado nina la kusema, na huwa ninalo.

Sauti ya Kalamu
Mimi nikiandika, swali linanipita. Afadhali kulirudia kwa maneno yangu: "Kama nimekuelewa, ungependa kujua..." Nikikosea, wananisahihisha kabla sijaenda mbali.

Nidhamu Kwanza
Kila mtu husahau akiwa na hofu. Siku hizi uzembe umepewa jina la kitabibu.

Daftari Mkononi
Ndugu yangu, jina hilo limetumika tangu 1987, na hofu ya siku moja haihesabiwi. Dalili zinapaswa ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, tena zionekane katika mazingira zaidi ya moja.

Nidhamu Kwanza
Basi hata mimi ninayo.

Daftari Mkononi
Inawezekana. Kapimwe.

Mlango wa Pili
Mnagombana wakati mimi nilisailiwa kwa kazi ambayo sikuiomba! Nilifika mapema, nikazubaa na simu, jina likaitwa, nikaitikia bila kusikia vizuri. Waliniuliza ningepangaje ghala lenye bidhaa zinazoharibika haraka. Mimi ni mhasibu. Nikajibu kwa shauku kubwa kwa karibu dakika ishirini, nikawachorea hata ramani, mpaka mwenye jina lake alipobisha hodi.

Msahaulifu
Ulipata kazi?

Sauti ya Kalamu
Tafadhali tujibu hilo kwanza.

Kimya Kimya
Turudi kwenye mada. Je, mliwaambia wasaili kwamba mna ADHD? Mimi siwaambii; naomba tu maswali yaandikwe. Uingereza sheria ya usawa ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kuomba marekebisho kama hayo, na ADHD huweza kuingia humo kulingana na inavyomwathiri mtu. Kwingine kusiko na sheria ya aina hiyo, ombi hilo hubaki kuwa hisani.

Saa Nne
Ombeni usaili wa asubuhi. Vidonge vyangu vya methylphenidate, dawa ya ADHD, ni vya muda mfupi. Baada ya muda wa saa nne hivi tangu nimeze, nguvu yake imekwisha, nami ninaanza kuhesabu vigae vya dari.

Sauti ya Kalamu
Asubuhi mimi bado natafuta funguo.

Mlango wa Pili
Nimerudi. Kazi yangu ya uhasibu niliikosa, kwa sababu zamu yangu ilipita nikiwa kwenye ghala la watu. Wale wa ghala walinisihi nitume maombi rasmi. Barua nimeiandika yote, imebaki kutumwa.

Msahaulifu
Mwisho wa kupokea maombi ni lini?

Mlango wa Pili
Ngoja niangalie.